Nyota Niliyomwangushia Ingénieur

Mimi si muntu wa kusahau. Kuna wenzangu wakitukanwa wanaenda kuungama Jumamosi, Jumapili wanakomunika, Jumatatu wanampa adui wao mkono sokoni. Mimi hapana. Mimi nikitukanwa, najenga. Duka langu la kwanza la chuma na simenti, quincaillerie, nililijenga kwa sababu muuzaji mmoja wa katikati ya mji alinifukuza mlangoni pake, eti miguu yangu ilikuwa na vumbi. Leo milango yake imefungwa, na kwangu wanakuja kununua mabati hata watu wa Kipushi. Shule niliiacha kabla ya kumaliza primaire. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe, na nilijifundisha vizuri.

Nasema hivi ili mujue ni muntu wa namna gani Ingénieur aliamua kumchokoza.

Huyu Ingénieur ni rafiki wa meza, si zaidi. Anafanya kazi katika kampuni moja ya migodi, ana diplôme mbili zimetundikwa sebuleni kwake, na akiongea anafunga macho kidogo, kama vile maneno yake yana mwanga mkali. Tunakutana kila Jumapili baada ya misa, katika paillote, kibanda cha nyasi ndani ya kiwanja, parcelle yangu, huku Kasungami, Lubumbashi. Nasema tena: paillote yangu, meza yangu, viti vyangu. Tunacheza mchezo ambao jirani yangu, mama mwenye pharmacie, duka la dawa, alituletea. Sisi tunamwita Mama Pharmacien.

Kwa asiyeujua, mchezo wenyewe ni hivi. Mama Pharmacien anasimulia dunia: milima, wafalme, majoka, mapango. Kila mmoja wetu ana muntu wake aliyeandikwa kwenye karatasi, nguvu zake, silaha zake, udhaifu wake. Mama anauliza, "Sasa unafanya nini?" Wewe unasema, kisha unatupa dadu lenye pande ishirini. Dadu likipanda, umefaulu. Likishuka, pole. Muntu wako akifa, amekufa, unaanza mwingine. Unaweza kucheka, lakini muntu wa karatasi ukimlisha miaka, unamjua kuliko binamu zako.

Wangu alikuwa mfanyabiashara mwenye upanga. Nilimlea toka akiwa na viatu vilivyotoboka mpaka akawa na nyumba katika miji mitatu. Wa Ingénieur alikuwa chevalier, askari wa farasi aliyevaa chuma toka kichwani mpaka kidole cha mguu. Wa tatu ni Chantre, kiongozi wa kwaya ya parokia, na muntu wake, Mungu amsamehe, alikuwa mwizi.

Siku ya matusi tulikuwa tunakimbia maji ndani ya pango. Muntu wangu alikuwa ananing'inia kwenye kamba juu ya shimo. Chevalier alishika kamba hiyo kwa mkono mmoja, na mkono mwingine ulishika sanduku la mfalme. Mama Pharmacien akamwambia, "Mikono yako inachoka. Unafanya nini?"

Ingénieur hakuwaza hata kidogo. "Naachilia kamba."

"Unaachilia nini?" nikauliza.

"Kamba, patron. Ile sanduku iko na kazi kuliko weye."

Chantre akapiga meza kwa kucheka. "Quincaillerie imefunga! Bantu barudi kesho!"

Mimi nikamtazama Mama Pharmacien. Akainua mabega. "Ni haki yake, patron. Mukono ni yake."

Basi muntu wangu akaanguka, miaka yake yote ikaanguka naye. Ningeweza kumeza hilo. Lakini Ingénieur akafunga macho yake kidogo, akaongeza: "Usikasirike. Uyu muchezo unaomba kuwaza. Weye, hesabu yako iko ya misumari: unapima kilo, unafunga mu karatasi, unasema mwingine akuye."

Akayasema hayo kwenye kiti changu, mdomo wake una mafuta ya michopo ya mbuzi niliyoichoma mimi.

Waliodhani nimenyamaza kwa aibu hawanijui. Nilikuwa tayari nimeanza kujenga.

Walitegemea nirudi na mfanyabiashara mwingine, au mpiganaji wa shoka. Mimi nikawaambia nitaleta kitu ambacho hakimo katika kitabu cha mchezo: aina mpya kabisa ya muntu mwenye nguvu za ajabu, anayechota nguvu zake katika nyota. Chantre ndiye aliyenionya kwanza.

"Patron, andika yote, lakini usiandike neno muchawi. Bibi ya jirani akipita akasikia 'muchawi' mu parcelle yako, kesho bantu banakuya na majiwe."

Alisema kweli. Kwetu neno hilo si la kuchezea. Nikamwita Muita-Nyota.

Juu ya nini nyota? Kwa sababu nyota ni zangu. Kabla ya duka, kabla ya lori, nilikuwa na baiskeli, nikipakia magunia ya unga Kipushi na kusukuma kuelekea mjini kabla jua halijatoka. Wenye diplôme walikuwa wamelala. Njia ile haikuwa na taa hata moja. Nilijua Kilimia, kale kakundi ka nyota kanakowaambia watu wetu wa kaskazini kwamba wakati wa kulima umefika. Nilijua Msalaba unavyolala upande na unavyosimama. Nilijua zile tatu zinazofuatana kama mafundi waliobeba ngazi. Na nyota ya asubuhi ilinikuta daima kwenye mpando mbaya, jasho limenijaa machoni, na nikiiona nilijua nimefika.

Nikazigawa kazi kama ninavyowagawia wafanyakazi. Kilimia anaponya na kuotesha. Msalaba anazuia wenzako wasipotee, na anakuonyesha mlango uliofichwa. Zile Tatu zinapiga mapigo matatu, moja baada ya lingine. Nyota ya asubuhi inainua muntu aliyechoka kufa. Nilifanya kama dukani: hakuna kitu kinachotoka bila kupimwa. Kila nyota nikaipa uzito, na kila uzito ukapewa adhabu yake.

Kwa miezi nilijaribu kila kitu jikoni, na mke wangu. Yeye alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, mimi namwekea dadu karibu.

"Tupa."

"Baba ya batoto, mikono yangu iko na unga."

"Tupa vile vile. Weye njo joka."

Akatupa. Joka likanila. Nikaenda kupunguza nguvu za joka, akasema hapana, usipunguze joka, wewe ndiye umesimama vibaya. Nikatengeneza upya. Siku nyingine akaweka mwiko chini, akanitazama vizuri.

"Niambie kweli. Unalipiza kisasi kwa muntu ya karatasi?"

"Ndiyo."

"Basi ulipize muzuri. Usiniletee haya mu nyumba."

Ndiyo sababu nilimwoa.

Sasa nije kwenye nyota ya tano, maana hiyo ndiyo niliyoijengea yote. Mimi nauza chuma. Naifahamu harufu yake ikilowana, naifahamu sauti yake ikidondoka. Na nilishawahi kusikia kwamba nyota ikianguka duniani na kupoa, mara nyingine kinachobaki ni chuma. Niliposikia hilo nilicheka peke yangu dukani hadi wateja wakageuka. Nikaandika: Muita-Nyota anaweza kuita Nyota-Chuma. Ikiitwa, chuma chote kilicho mbele yake kinakumbuka moto wake wa kwanza. Kinakuwa chekundu, kinakuwa kizito, kinataka kurudi chini kilikotoka. Aliyekivaa ana nafasi moja tu: kuvua chote mbele ya watu na kukiacha hapo hapo. Asipovua, dadu linaamua.

Nikampelekea Mama Pharmacien karatasi kule kwenye pharmacie yake. Aliisoma kama anavyosoma ordonnance ya daktari asiyemwamini, kidole chini ya kila mstari.

"Patron, hii dawa yako iko na dose ya kuua. Wakati ya kipwa hakuna mawingu. Miezi yote ile Muita-Nyota wako atakuwa mfalme ya dunia."

Hapo alinishika. Nilikuwa nimeandika mbingu ya Lubumbashi, mbingu yetu ya kipwa, ya baridi na ukavu, bila kuwaza kwamba dunia ya mchezo ina mvua yake. Nikarekebisha pale pale, kwenye kaunta, watu wakisubiri paracétamol: kabla ya kuita nyota, unatupa dadu kuona kama mawingu yamefunga. Na nyota iliyotumika inalala, huiiti tena mpaka muntu wako alale usingizi mzima. Na anayeita lazima asimame tuli, uso juu, bila kumwona adui yake.

Mama akafika kwenye Nyota-Chuma. Kidole chake kikasimama.

"Hii umeandika juu ya muntu moja."

"Nimeandika juu ya chuma."

"Na ku meza yetu, nani anavala chuma?"

"Sijui, Mama. Tutaona."

Hakucheka, ingawa nilimwona anapigana na mdomo wake. Akanikumbusha sheria ya meza. Kitu kipya hakiingii kwenye mchezo wetu mpaka kijaribiwe mbele ya wote, na baada ya kujaribiwa, wote waitike. Mmoja akikataa, karatasi inatupwa.

"Bote, patron. Na yeye."

Nilirudi nyumbani nikiendesha gari polepole. Maisha yangu yote nimefuata karatasi za wenye diplôme. Karatasi ya ardhi, karatasi ya forodha, karatasi ya usafi wa duka. Wameandika wao, nikatii mimi. Mara moja tu katika maisha nilitaka waketi mahali, wasome sheria niliyoandika mimi, na watii. Lakini kama ningempiga Ingénieur kwa Nyota-Chuma, angekataa, na Muita-Nyota angekufa kabla ya kuzaliwa. Na kama ningemwacha, sheria ingeingia, na mimi ningekuwa nimekunywa tusi lake lote hadi chini ya kikombe. Nilitaka vyote viwili. Mimi nimezoea kupata vyote viwili.

Jumapili ikafika, baridi na vumbi, jua jeupe. Nilichoma michopo. Mke wangu akaleta munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, na kama desturi ilivyo akajimiminia kwanza, akanywa mbele ya wageni ili waone hakina ubaya. Kisha akawagawia.

Mama Pharmacien akakiangalia kile kikombe, halafu akaniangalia mimi. "Na kwa nyota ya patron, ni vile vile. Mwenye kupika njo anaonja wa kwanza. Nyota-Chuma ianze kwa mwili ya Muita-Nyota mwenyewe."

Sikuwa nimelitegemea hilo. Na hapo nilikuwa na shida ambayo muntu mwingine asingekuwa nayo. Mimi, mwenye quincaillerie, nilipomvalisha muntu wangu sikuweza kujizuia. Nilimpa bora kuliko wote: fimbo ya chuma, mukaba wa chuma kiunoni, mnyororo shingoni, viatu vya misumari, vifungo vya koti vya chuma, hata kichana. Ingénieur alichukua karatasi yangu, akaanza kusoma silaha hizo kwa sauti, moja moja, kama litania. Chantre akawa anaitikia, "Utuombee."

"Basi," Mama akasema, "chuma kinaanza kuwa chekundu. Unafanya nini?"

"Navua."

"Yote?"

"Yote."

Nikavua. Fimbo chini. Mukaba chini. Mnyororo. Viatu.

"Na suruali?" Chantre akauliza. "Bila mukaba inasimama na nini?"

"Inaanguka," akasema Mama. "Haki ni haki."

Meza ilicheka mpaka mbwa akabweka. Muita-Nyota wangu alisimama mlimani kwenye baridi, ameshika kitambaa cha suruali kwa mikono miwili. Ingénieur alipangusa machozi. "Patron, ah, patron. Njo nyota hii ulituletea? Nyota ya kuvulisha bababa suruali?"

Nikacheka nao. Nilicheka kwa sauti kuliko wote. Nilitaka aone jambo hilo limekaa vipi machoni pa watu, alione vizuri, alikumbuke.

Kisha Mama akaanza hadithi yenyewe. Muita-Nyota wangu ametumwa na kijiji ambacho sanduku la mfalme liliibwa kwao. Anamkuta chevalier njiani, sanduku liko juu ya farasi. Nikasema kwa adabu, "Bwana chevalier, tunaomba kitu chetu."

"Mwambie arudie kwao," akasema Ingénieur, "na asisahau suruali."

"Naita Nyota-Chuma."

Kicheko kikakatika. Alifungua macho yote mawili.

Nikatupa dadu la mawingu. Nilimwona midomo yake ikiomba mvua. Dadu likazunguka, likagonga sahani ya michopo, likasimama juu: mbingu wazi kabisa.

"Ngoja kidogo," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Akaniinamia juu ya meza. "Patron, tuongee kama bantu bakubwa. Ita ingine. Ita zile Tatu, nipige kidogo, nianguke, tucheke. Kisha mi naitika sheria yako na inaingia. Lakini ukinipiga na ile, nitasema hapana. Unajua nitasema. Karatasi yako batafungia nayo michopo."

Chantre aliacha kutafuna.

Niliitazama karatasi yangu. Herufi zangu ni kubwa, zimelala, kila mstari unapanda kuelekea kulia kama njia ya Kipushi. Ile miezi yote ilikuwa mle, na unga wa mke wangu kwenye kona. Hakuna kitu nilichoandika kabla yake ambacho kilikuwa kirefu hivyo.

"Basi bafungie," nikasema. "Nyota-Chuma."

Mama Pharmacien akamgeukia. "Chuma yako inakumbuka moto wake. Inaanza kuwa nyekundu ku vidole. Unaweza kuvua, Ingénieur. Ukivua unaishi. Unafanya nini?"

Sote tulimngojea. Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuupita. Kilichohitajika ni neno moja, navua, na Chantre angeuliza swali lake, na tungecheka, na chevalier angeishi akiwa ameshika kitambaa. Niliona neno lile linamfika kwenye meno. Niliona pia suruali yangu inaanguka tena machoni pake.

"Mimi nivue?" akasema. "Mbele ya muuza misumari? Jamais."

"Basi tupa."

Akatupa. Sitasema ilikuwa namba gani. Yeye anaijua, na ananichukia nayo. Mama akasimulia taratibu, na alisimulia vizuri kana kwamba namlipa, na simlipi kitu. Akasema jinsi mikono ya chuma ilivyoshuka kwanza. Jinsi magoti yalivyozama katika udongo. Jinsi kofia ilivyofunga, na nyuma yake sauti ikawa inasema amri ambazo hakuna aliyezisikia, mpaka ardhi ikajifunga, na juu yake ikabaki alama nyekundu ikipoa. Farasi akakimbia. Sanduku likabaki njiani, na muntu wangu, miguu mitupu, akaliokota.

Nilikula nyama. Sijawahi kula michopo tamu kama ile, na mnajua mimi nachoma vizuri daima.

"Sheria," akasema Mama. "Tuulize. Chantre?"

"Mi naitika," Chantre akasema. "Lakini mwizi wangu anauza kisu yake leo leo. Ananunua fimbo ya muti."

"Ingénieur?"

Alikuwa ameshika karatasi ya chevalier wake kwa pande zote mbili, kama muntu anayesoma tangazo la kilio. Mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeshapokea nusu yangu, na ile nusu nyingine nilikuwa nimeitupa mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya watu. Sikujuta. Nilijiambia: aseme hapana yake, na kila Jumapili ataketi juu yake.

"Naitika," akasema.

Mama akamkazia macho. "Unaitika?"

"Mama, sina na muntu. Jumapili inayokuya nitahitaji mupya." Akanigeukia, na kwa mara ya kwanza toka nimjue sikuona kope zikishuka. "Na uyu mupya atakuwa Muita-Nyota. Patron atavala chuma tena, hawezi kuacha, iko mu damu yake. Siku ile nitakuwa pale, na mbingu itakuwa wazi."

Nilimpenda kidogo siku ile. Kidogo tu. Kumbe naye si muntu wa kusahau.

Akanyoosha mkono juu ya meza, akaiomba karatasi. Nikampa. Akatoa miwani yake, akainama, akaanza na mstari wa kwanza. Diplôme mbili ziko nyumbani kwake zimetundikwa, na yeye yuko katika paillote yangu, anafuata herufi zangu zilizolala, midomo ikitembea. Chini ya Kilimia akakwama. Akarudi juu, akashuka tena.

"Hapa patron, unasema nyota inalala mpaka muntu alale. Kama balimuamusha katikati, inakuwa namna gani?"

Jibu liko mistari miwili chini. Nililiandika mara nyingi kabla halijanyooka. Nikajisogeza kwenye kiti changu, nikachukua kipande kingine cha nyama, nikatafuna mpaka kikaisha.

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena.